Mfupa haukatwi kwa kukadiria: kiolezo cha plastiki na mguu uliopinda

Vua kiatu kidogo. Shika mguu wako kuanzia kwenye kifundo kwenda chini, kisigino mpaka vidole. Hapo umeshika mifupa 26. Ukijumlisha na ya mguu wa pili unapata 52, yaani karibu robo ya mifupa yote 206 ya mtu mzima imejazana kwenye sehemu mbili ndogo zinazokanyaga ardhi. Baadhi ya mifupa hiyo haizidi upana wa kidole gumba.

Sasa fikiria daktari anayetakiwa kukata mmoja wa mifupa hiyo, atoe kipande chenye umbo la kabari, halafu aunge upya ukiwa umenyooka. Akikosea kwa milimita mbili tu, mguu unabaki umepinda, au unapindia upande wa pili. Na msumeno ukishapita, umepita. Leo tunaongelea kifaa kidogo cha plastiki kinachomsaidia asikosee: kiolezo cha kukatia mfupa, kinachotengenezwa kwa ajili ya mgonjwa mmoja tu na kutupwa baada ya upasuaji. Tutaongelea pia kwa nini, kwa mtoto anayezaliwa leo Nangwa, pale wilayani Hanang, kifaa hicho kinapaswa kuwa mlango wa mwisho na siyo wa kwanza.

Mguu unapindaje?

Sababu ni nyingi. Kuna mtu aliyevunjika mfupa ukaunga vibaya. Kuna aliyeungua moto, ngozi ikakaza na kuvuta mguu. Kuna aliyepata polio, au ugonjwa wa mishipa ya fahamu unaofanya misuli ya upande mmoja ivute kuliko ya upande mwingine. Lakini kwa watoto, sababu inayojulikana zaidi ni mguu kifundo: mtoto anazaliwa wayo umegeukia ndani, kisigino kimevutwa juu. Hutokea kwa takribani mtoto 1 kati ya kila 1,000 wanaozaliwa, na karibu nusu ya watoto hao wana tatizo hilo kwenye miguu yote miwili. Siyo laana, siyo kosa la mama, wala haihusiani na kitu alichokiona akiwa mjamzito.

Mtoto huyo asipotibiwa ataanza kutembea kama wenzake, ila atakanyagia ubavu wa nje wa mguu, wakati mwingine hata mgongo wa mguu. Ngozi ya hapo haikuumbwa kubeba mwili, kwa hiyo inaota sugu na kufanya vidonda. Na hapa ndipo mambo yanapogeuka. Mifupa ya mtoto mchanga bado ni gegedu kwa sehemu kubwa, laini, inakubali kuelekezwa. Ya kijana wa miaka 14 imeshakomaa ikiwa na umbo lile lile la kupinda. Kuvuta kano na kufunga POP peke yake mara nyingi hakutoshi tena. Inabidi mfupa ukatwe.

Hesabu ya kabari

Kukata mfupa ili kuunyoosha si jambo jipya. Mwaka 1959 daktari wa Uingereza, Frederick Dwyer, alieleza namna ya kutoa kabari kwenye mfupa wa kisigino ili kurekebisha mguu wenye upinde mkubwa kupita kiasi. Wazo lenyewe ni rahisi, na fundi seremala yeyote atalielewa: ukitaka ubao uliopinda ukae sawa, unatoa kipande chembamba chenye umbo la pembetatu upande mmoja, unaziba pengo, ubao unageuka.

Swali ni: kipande kiwe na unene gani? Hapa zile hesabu za pembetatu za kidato cha nne zinapata kazi. Upana wa kabari kwenye mdomo wake ni sawa na upana wa mfupa mara tanjenti ya pembe unayotaka kurekebisha. Tuseme mfupa wa kisigino una upana wa milimita 40 na unataka kuugeuza kwa nyuzi 15. Tanjenti ya nyuzi 15 ni 0.268. Zidisha: kabari iwe na mdomo wa milimita 10.7.

Sasa daktari akikosea kwa milimita 2, pembe inakosewa kwa karibu nyuzi 3. Si nzuri sana, lakini inavumilika. Ngoja kwanza, tuhamie kwenye mfupa mdogo zaidi wa katikati ya mguu, wenye upana wa milimita 20. Kwa nyuzi zile zile 15 kabari inakuwa milimita 5.4 tu, na kosa lile lile la milimita 2 sasa linaharibu zaidi ya nyuzi 5. Hiyo ni zaidi ya theluthi moja ya marekebisho yote uliyokusudia! Umeona? Kadiri mfupa unavyokuwa mdogo, ndivyo mkono wa daktari unavyotakiwa kuwa makini zaidi. Na mguu ni nyumba ya mifupa midogo.

Tena hapo tumefanya kama vile mguu umepinda upande mmoja tu. Mguu kifundo halisi umepinda pande tatu kwa pamoja: umeshuka, umegeukia ndani, na umejisokota. Picha ya eksirei ni bapa, inaonyesha kivuli. Kupanga mkato wa pande tatu kwa kutumia vivuli viwili kunahitaji uzoefu wa miaka mingi.

Fundi seremala tena

Mtazame fundi anayekata mbao za fremu ya mlango kwa nyuzi 45. Hakadirii kwa jicho kila mara. Ana kisanduku chenye mianya iliyokwisha kupimwa: anaweka ubao ndani, anapitisha msumeno kwenye mwanya, pembe inatoka sawa kila wakati. Kazi ya kufikiri ilifanyika siku kisanduku kilipotengenezwa. Siku ya kukata, msumeno unafuata tu njia.

Kiolezo cha mfupa ndicho kisanduku hicho. Tofauti ni kwamba mbao zote za fundi zinafanana, ila hakuna mifupa miwili iliyopinda inayofanana. Kwa hiyo kila mgonjwa anahitaji kisanduku chake. Wazo hili lilianza kufanyiwa kazi miaka ya 1990 huko Aachen, Ujerumani, na mhandisi Klaus Radermacher na wenzake. Leo hospitali nyingi za nchi tajiri hutumia violezo vya namna hii kwenye goti, taya, mkono na mguu.

Kinatengenezwaje?

Hatua ya kwanza ni picha ya CT-scan. Mashine hii inaupiga mguu picha za vipande vyembamba, vya milimita 1 au pungufu, kama mkate uliokatwa slesi. Kila nukta ya picha inapewa namba inayoonyesha imezuia mionzi kiasi gani. Maji ni 0, hewa ni −1000, mfupa ni mamia kadhaa hadi zaidi ya 1,000. Kipimo hicho kinaitwa kwa jina la Godfrey Hounsfield, Mwingereza aliyeunda mashine iliyompiga mgonjwa wa kwanza London mwaka 1971. Alipopewa tuzo ya Nobel mwaka 1979 alishirikiana na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, ambaye alianza kuwaza hesabu za picha hizo baada ya kufanya kazi hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, mwaka 1956. Kwa hiyo mizizi mojawapo ya CT-scan iko Afrika.

Hatua ya pili: programu ya kompyuta inatumia namba hizo kutenganisha mfupa na nyama. Kwa kuwa namba zake ziko mbali na za nyama, kazi kubwa inafanywa na kompyuta, na mtu anasafisha kingo. Zipo programu za bure za kazi hii, mfano 3D Slicer. Mwisho wake unapata mfupa wa mgonjwa kwenye skrini, unaugeuza unavyotaka.

Hatua ya tatu ni kupanga. Kama mguu mmoja ni mzima, kompyuta inaugeuza kama kwenye kioo na kuulinganisha na ule uliopinda. Tofauti kati yao ndiyo kazi ya kufanya. Kama yote miwili imepinda, mpangaji anatumia pembe za kawaida za mguu wa binadamu. Daktari na mhandisi wanaukata mfupa kwenye skrini, wanaugeuza, wanaangalia. Haujakaa sawa? Wanarudia. Kwenye skrini unaweza kukata mara ishirini bila tone la damu.

Hatua ya nne: kuchora kiolezo. Upande wake wa ndani ni kinyume kamili cha uso wa mfupa: penye kinundu kwenye mfupa, kiolezo kina shimo, penye bonde, kina mwinuko. Ndiyo maana kinakaa sehemu moja tu, kama ufunguo na kufuli lake. Ukikiweka milimita chache pembeni, kinacheza. Kisha kinachorwa mianya ya msumeno na matundu ya pini za kukishikilia.

Hatua ya tano ni kukichapa kwa printa ya 3D, mashine inayojenga kitu tabaka juu ya tabaka. Mmarekani Charles Hull alipata hataza ya moja ya njia za kwanza za kufanya hivyo mwaka 1986.

Siku ya upasuaji

Daktari anapasua ngozi, anasogeza nyama, na anakwangua utando unaofunika mfupa pale kiolezo kitakapokaa. Hatua hiyo ni ya lazima. Kiolezo kilichorwa kwa kufuata mfupa, na CT-scan haionyeshi vizuri gegedu wala utando. Ukiacha nyama kidogo chini yake, kinakaa juu juu na pembe inahama.

Kikishakaa, pini zinapita kwenye matundu, eksirei ya chumba cha upasuaji inathibitisha, na msumeno unapita kwenye mwanya. Msumeno nao una mambo yake. Jino lake linakula mfupa wa karibu milimita 1 kila mkato, na hiyo lazima iwe imehesabiwa kwenye mpango, la sivyo mfupa utafupika kuliko ilivyokusudiwa. Pia unachemka. Mfupa ukifikia nyuzi joto 47 kwa dakika moja, chembe hai zake zinaanza kuharibika, na mfupa uliokufa haungi. Kwa hiyo msaidizi anamwagia maji ya chumvi muda wote. Maji hayo yanaosha pia chembe za plastiki zinazokwanguliwa na msumeno.

Kabari inatoka, pengo linazibwa, mfupa unafungwa kwa vyuma, mguu unawekwa POP. Mfupa utaunga wenyewe kwa wiki kadhaa.

Si kila printa inafaa

Unaweza kujiuliza: printa za 3D si zipo hata Dar es Salaam, na vijana wameshaunda nyingine kwa mabaki ya kompyuta? Kweli kabisa. Lakini plastiki inayotumika sana kwenye printa za bei nafuu inaanza kulegea kwenye nyuzi joto 60 hivi. Kifaa cha upasuaji lazima kiuliwe vimelea, na njia ya kawaida hospitalini ni mvuke wa nyuzi joto 121 au 134. Weka kiolezo cha plastiki hiyo humo, kitatoka kimepinda. Yaani umetengeneza kifaa kilichopinda cha kunyoosha mguu uliopinda! Inatakiwa nailoni maalumu au utomvu wa kitabibu unaostahimili joto, na kila hatua ikaguliwe. Milimita moja hapa ni pembe kwenye mguu wa mtu.

Je, kinasaidia kweli?

Tuseme ukweli wote. Tafiti nyingi zinakubaliana kwamba mkato uliofuata kiolezo hukaribia sana mpango, mara nyingi ndani ya nyuzi 2 au 3, na daktari hupiga eksirei chache zaidi akiwa kazini. Lakini usahihi wa pembe si sawa na mgonjwa kutembea bila maumivu baada ya miaka kumi. Kwa hilo ushahidi bado ni mwembamba. Kiolezo hakimfanyi mtu asiye bingwa awe bingwa: hakijui kama kano imekaza, kama damu inafika vidoleni, kama ngozi itafunga. Na kinachukua siku au wiki kuandaliwa, wakati mfupa wa mtoto unaendelea kukua.

Ipo pia njia nyingine kwa mguu uliopinda sana: pete za chuma za Gavriil Ilizarov, daktari wa Kisovieti, zinazofungwa nje ya mguu na kukazwa kidogo kidogo kila siku mpaka unyooke. Hazihitaji CT-scan wala printa. Zinahitaji uvumilivu, na usafi wa vidonda vya waya kwa miezi.

Turudi Hanang

Teknolojia hii ingemfikiaje kijana wa Nangwa? Vipande vingi vya safari vipo tayari. Miaka ya karibuni serikali imenunua mashine za CT-scan kwa ajili ya hospitali za rufaa za mikoa. Mabingwa wa mifupa wako KCMC Moshi na MOI Dar es Salaam. Moshi hiyo hiyo ina TATCOT, chuo ambacho tangu mwaka 1981 kinafundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi kutoka nchi nyingi za Afrika. Chuo cha Ufundi Arusha na DIT wanafundisha ufundi wa vifaa tiba. Nchini Uganda, hospitali ya CoRSU imeshajaribu printa za 3D kutengenezea wagonjwa viungo bandia. Picha za mfupa zinasafiri kwa intaneti, kiolezo kinasafiri kwa basi. Kinachokosekana ni watu waliofundishwa kuunganisha vipande hivi, na mtu wa kulipia saa zao. Hiyo ni kazi yako, wewe unayesoma uhandisi au udaktari.

Lakini fanya hesabu nyingine kabla ya kununua printa. Samaki mkunje angali mbichi. Daktari Ignacio Ponseti, aliyefanya kazi Iowa, Marekani, alionyesha kwamba mguu kifundo wa mtoto mchanga unaweza kunyooshwa kwa mikono na POP: daktari anauelekeza mguu taratibu, anaufunga, baada ya wiki anafungua, anauelekeza tena. Mara tano hadi nane hivi zinatosha kwa wengi. Watoto wengi huhitaji pia mkato mdogo wa kano ya kisigino. Kisha mtoto anavaa viatu maalumu vilivyounganishwa kwa kipande cha chuma: saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu, halafu usiku tu mpaka karibu miaka minne. Hakuna mfupa unaokatwa.

Ugumu wa njia hii hauko kwenye sayansi. Uko kwenye nauli. Kwenda kliniki kila wiki kwa wiki sita au zaidi, masika barabara ikiwa tope, mama akiwa na shamba la mahindi na watoto wengine nyumbani, si jambo dogo. Na uko kwenye vile viatu: mguu ukishaonekana umenyooka, familia inaona shida imeisha, viatu vinawekwa juu ya kabati, na mguu unarudi kupinda. Kila mtoto anayepotea kwenye hatua hizi ndiye atakayehitaji msumeno na kiolezo miaka 14 baadaye, kwa gharama isiyolinganishwa.

Funzo hilo hilo lipo kwenye maji. Ukanda wa Bonde la Ufa, kutoka Arusha kupita Manyara hadi Singida, una vyanzo vingi vyenye floraidi nyingi inayotoka kwenye miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Ikizidi sana kwa miaka, meno yanakuwa na rangi ya kahawia, na mifupa ya watoto wengine inapinda hadi kuwa na matege makali. Matege hayo nayo hunyooshwa kwa kukata mfupa, na kiolezo kinaweza kusaidia. Lakini kisima salama kinanyoosha miguu ya kijiji kizima kabla haijapinda.

Kwa hiyo ukimwona mtoto mchanga wayo wake umegeukia ndani, jaribu hivi: uelekeze taratibu kwa mkono, bila nguvu. Ukirudi wenyewe kwenye nafasi ya kawaida, huenda ni namna tu alivyolala tumboni. Ukigoma, usisubiri akue. Na hata ukirudi, mwonyeshe mhudumu kliniki ile ile ya chanjo. Mwambie mzazi aende kituo cha afya wiki hiyo hiyo, au hospitali ya wilaya Katesh, na aulize swali moja: kliniki ya mguu kifundo iliyo karibu ni ipi? Na kama mtoto ameshafika miaka mitano au minane, bado aende. Wengi wa umri huo POP hujaribiwa kwanza kabla ya msumeno.